Bowa na mayi: sababu mifuko yetu 41 ilioza

Leo siandiki juu ya mushahara, bandugu. Naandika juu ya bowa ya kupanda, ule uyoga wa rangi ya majivu unaoota juu ya nyasi mu sashe. Wengine watasema delege wa sendika amekosa kazi. Basi wasome mpaka pale habari ya depo ya madini itakapoingia, kiisha tutaongea.

Ninaanza na kosa langu mwenyewe. Ilikuwa mwezi wa kwanza, ile mvula ya Likasi inayonyesha karibu kila siku kisha saa sita. Bamama 12 wa kwetu Kikula, wengi wao mabwana zao walipoteza kazi wakati kompani ilipunguza watu, walitosha pesa za likelemba ya miezi mitano. Sendika ikaongeza kidogo. Mbegu ilitoka Zambia, ikapita Kasumbalesa. Mimi nilikuwa nimefuata mafunzo ya siku mbili. Siku mbili tu! Nikarudi na daftari, nikawa mwalimu.

Tulijaza mifuko 60, kila mumoja kilo 5. Mama mumoja akaniuliza: «Delege, hii nyasi haijalowa kupita?» Nikamujibu: «Mama, bowa inapenda mvula. Shi kila mutu anajua bowa ya pori inaota wakati wa mvula?» Wote wakanyamaza, juu jibu lilionekana la akili.

Siku ya nane nyumba ikaanza kunuka. Haikuwa harufu ya bowa. Ilikuwa harufu ya munkoyo uliopitisha siku zake, ule uchachu unaopanda mu pua. Chini ya kila mufuko kulikuwa mayi ya rangi ya chai. Siku ya 12 kijani kikatokea, kwanza kidogo sawa vumbi ya malakiti iliyoanguka juu ya nyasi, kiisha mufuko muzima. Tulizika mifuko 41. Ile 19 iliyobaki ilitoa bowa, lakini kidogo, ya kulia bukari nyumbani, si ya kupeleka ku soko. Hakuna mama hata mumoja aliyenitukana. Ingekuwa heri wangenitukana.

Karibu na sisi anakaa muzee mumoja aliyefanya miaka mingi mu labo ya kiwanda cha madini. Kazi yake yote ilikuwa hii: kupokea udongo uliolowa, kuupima, kuukausha mu furu, kuupima tena, kuandika tofauti. Alikuja kuangalia hasara yetu. Akachukua nyasi ya lile pipa la mwisho, ile tuliyobakiza bila mbegu, akaikamua. Mayi ikatiririka mpaka ku kiwiko. «Mutoto wangu,» akaniambia, «umeizamisha. Lakini usiamini mukono wangu. Leta mizani.»

Tukapima gramu 100 za ile nyasi iliyolowa. Tukaiweka mu sufuria, moto mudogo wa mbabula, tukageuza polepole bila kuichoma, tukapima na kurudisha ku moto mpaka uzito ukaacha kupungua. Ikabaki gramu 22. Muzee akasema: «Basi 78 ilikuwa mayi. Bowa yako ulitaka ipumue wapi?»

Lile neno la kupumua halikuwa mu daftari langu, na pale njo kuna shina la mambo yote. Bowa si majani. Majani inakula mwangaza wa jua. Bowa inakula nyasi yenyewe, na inapumua sawa sisi: inaingiza hewa nzuri, inatosha hewa nzito. Mbele ya kuonyesha kichwa, mwili wake ni nyuzi nyeupe, nyembamba sana, zinazotembea ndani ya nyasi. Zile nyuzi zinahitaji mayi, juu zinayeyusha chakula kwanza mbele ya kukinywa. Bila mayi zinalala njaa juu ya chakula. Lakini zinatembea mu nafasi ndogo zilizo katikati ya kipande na kipande cha nyasi, na hewa yao inapita mu nafasi zile zile. Nafasi ikijaa mayi, hewa inakosa njia.

Mutu wa mugodi hahitaji maelezo marefu. Galeri imejaa mayi, ventilateri imezimwa: nani ataingia kufanya posti? Nyuzi za bowa nazo haziingii. Wanaoingia ni wale vijidudu wanaoweza kuishi bila hewa, ndugu za wale wanaochachusha munkoyo. Wanakula chakula cha bowa, wanaacha uchachu na harufu. Na pale juu, hewa inapofika, ule ukungu wa kijani unaoitwa Trichoderma unakuja kurithi. Bowa iliyo na nguvu inaweza kumushinda. Bowa iliyozama haiwezi.

Na ile bowa ya pori? Nimefikiri sana juu ya jibu nililomupa yule mama. Ni kweli mvula njo inaiamsha, kuanzia mwezi wa 11 bamama wanaiuza kando ya barabara. Lakini angalieni pale inapoota: juu ya kichuguu, ao chini ya miti, mahali mayi inapita na kwenda. Mu shimo la mayi iliyosimama hamutaokota bowa. Mvula inalowesha, kiisha udongo unatosha ile inayozidi. Sashe yangu haikuwa na pa kutoshea.

Sasa hesabu. Kwa ile bowa ya kupanda tunayoita pleuroti, mayi nzuri ndani ya nyasi ni 60 mpaka 70 kwa 100 ya uzito wote. Sisi tunalenga 65. Nilipoambiwa, nilisema mu moyo: kati ya 65 na 78 ni 13 tu, ndiyo iue mifuko 41? Muzee akachukua kipande cha makala, akaandika ku ukuta. Mu kilo 100 zenye mayi 65, nyasi kavu ni 35. Gawanya: kila kilo ya nyasi kavu inabeba mayi karibu lita 1 na nusu na robo, kuzidi kidogo. Mu kilo 100 zenye mayi 78, nyasi kavu ni 22. Gawanya: kila kilo ya nyasi inabeba mayi lita 3 na nusu. Karibu mara mbili! Ile 13 ilikuwa inaficha mara mbili. Nilikaa namba ile ku kichwa siku nzima.

Kiisha akatupa kanuni ambayo bado iko ku ukuta: 10 INAKUWA 26. Maana yake ni hii. Nyasi iliyokauka vizuri wakati wa kiangazi, hata ile inayovunjika mu mukono, ingali na mayi karibu 10 kwa 100. Kwa hiyo kilo 10 za nyasi kavu ni kilo 9 za ukavu wa kweli. Ili hizo 9 ziwe 35 kwa 100, uzito wote lazima ufike kilo 26 hivi. Tunapima nyasi kavu, tunailoweka, tunaiacha ichuruzike, tunapima tena. Ikiwa 30, tunangoja. Ikiwa 23, tunarudisha mayi. Ile ya kosa langu, ukifuata hesabu ya sufuria, 10 ilikuwa imefika karibu 41. Mutu angepima siku ile, angeona bila kungoja harufu.

Lakini kanuni ya 26 inadanganya mutu mumoja: yule aliyeacha nyasi yake inje mu mvula. Nyasi ile haina tena mayi 10. Tuseme iko na 25: kilo 10 zake ni ukavu wa kilo 7 na nusu tu, na ukiipeleka mpaka 26 umeshapita 70. Kwa hiyo wakati wa mvula, ao uikaushe kwanza chini ya bati, ao ufanye jaribio la gramu 100 ku mbabula. Hatukati njia pale.

Asiye na mizani atumie mukono, lakini kwa akili. Shika nyasi iliyojaa kiganja, ukamue kwa nguvu zote. Matone mawili matatu yakitoka katikati ya vidole, ni muzuri. Ikitoka kamba ya mayi, ni nyingi. Isipotoka hata tone, ni kidogo. Shida ni kwamba mukono wa mutu aliyepiga nyundo miaka 20 si mukono wa mutoto wa shule. Mu kikundi chetu tulichagua mama mumoja, mukono wake njo mizani ya pili, na wengine hawakamui.

Jambo lingine ni ukubwa wa vipande. Tunakata nyasi urefu wa sentimeta 3 mpaka 5. Wengine wanatumia unga wa mbao peke yake juu ni wa bure ku maseremala. Si vibaya, bowa inaukula, lakini unga unashikana. Ninyi munajua: madini ya mawe inatosha mayi yake upesi, lakini ule uchafu laini wa kiwanda unaweza kukaa miaka na bado ukizama mu mayi. Unga wa mbao ni vilevile. Na mayi 65 zile zile, unga unakuwa hauna hewa pale nyasi ingali na hewa. Uchanganye na nyasi ao na magunzi ya mahindi yaliyopondwa, na mayi ishuke kidogo.

Kuua wadudu mbele ya kupanda, wengi wanapika pipa juu ya moto saa nyingi. Sisi, kwa bei ya makala ya leo, tunatumia chokaa. Likasi tuna bahati, chokaa ya Kakontwe iko ku mulango wetu, na mutu aliyefanya mu kiwanda anaijua, njo inayotiwa kwa kushinda asidi. Kilo 1 mu pipa la lita 200, nyasi inazama na jiwe juu yake, usiku muzima mpaka ifike saa 18 hivi. Mayi inakuwa kali hata ukungu mwingi unakufa, lakini nyuzi za bowa zinaweza kuingia nyuma yake. Chokaa iwe mupya. Ile iliyokaa mu mufuko wazi inavuta hewa na nguvu yake inakwisha. Vaa gan, linda macho, batoto wakae mbali: chokaa inachoma.

Kiisha kuchuruza. Hapa njo tulikosea siku ile: mawingu yalikuja, tukaogopa, tukatosha nyasi saa moja tu tukajaza mifuko. Leo tunaimwaga juu ya wavu wa chuma uliolala upande, chini ya bati, tunaifunika, tunaigeuza mara mbili, saa sita ao mpaka asubuhi. Bamama wanasema kazi ngumu ya bowa ni kungoja.

Mu mara ya pili mambo yalibadilika, lakini si bila machozi. Mama mumoja aliogopa mayi sawa mutu aliyeumwa na nyoka anavyoogopa kamba. Mifuko yake minne aliikausha mpaka 50 hivi. Na munajua kitu gani kilitokea? Nyuzi zilitembea muzuri, nyeupe, hakuna harufu, hakuna kijani. Alitembea na furaha kambini. Kiisha bowa ikatoka ndogo, kingo zimepasuka, mara moja, basi. Mufuko ukawa muepesi sawa sanduku la karatasi.

Sababu ni hii: bowa mbichi ni karibu mayi tupu, 90 kwa 100. Ukichuma kilo 1, umebeba mayi karibu gramu 900, na sehemu kubwa ilitoka mu mufuko, si mu hewa. Mufuko wa kilo 5 wenye mayi 65 uko na mayi lita 3 na robo. Wenye mayi 50 uko na lita 2 na nusu, na sehemu ya ile imeshikwa na nyasi, haiachiliwi. Unavuna mara moja, kiisha ghala imekwisha pale chakula kingali kimejaa. Kwa hiyo mayi ya siku ya kwanza njo poso ya bowa kwa miezi miwili. Bazee wetu waliopokea poso ya kompani wanaelewa: ukipewa nusu, hutalala na njaa siku ya kwanza, utalala nayo siku za mwisho.

Ndiyo maana sasa tunapima mufuko kisha kila muvuno. Mavuno ya kwanza ikiisha, mufuko ukiwa umepoteza uzito mwingi, tunauzamisha mu mayi safi saa chache, usiku mumoja usipite, tunauchuruza kabisa, tunaurudisha mahali pake. Ya pili inatoka baada ya siku 10 hivi, wakati mwingine 14. Kuna wanaofika ya tatu na ya nne. Mifuko 40 ya mara ya pili, tulipoteza 3.

Mayi ya nyumba ni jambo lingine, usilichanganye na mayi ya mufuko. Majuma matatu ya kwanza, nyuzi zikitembea, mufuko umefungwa na matundu madogo tu, haunyweshwi kitu. Nimeona watu wanaumwangia kila asubuhi sawa lengalenga! Mu mwezi wa sita na wa saba, baridi ya usiku kwetu inafanya majuma matatu yawe matano ao zaidi, na mutu anazani imekosa mayi. Haijakosa mayi, imekosa joto. Bowa ikianza kutokea, njo hewa ya nyumba inahitaji unyevu, 80 mpaka 90 kwa 100. Mwangieni chini, mwangieni ukuta, ning'inizeni magunia yaliyolowa ku madirisha. Mwezi wa tisa na wa kumi, ile hewa kavu inayopasua midomo yetu inapasua na bowa, tunamwangia mara nne kwa siku. Wakati wa mvula mara moja inatosha, na siku nyingine hakuna, lakini madirisha yawe wazi. Bowa yenye shingo ndefu na kichwa kidogo inakuambia: nipe hewa. Bowa yenye madoa ya manjano na utelezi inakuambia: umenilowesha kichwa na hukuniacha nikauke.

Sasa ninaongea na wanaume waliotoka chini ya ardhi, na hili sitalipitia haraka. Pleuroti iliyozeeka, kichwa chake kikisha kufunguka na kulala, inatupa mbegu za hewani kwa wingi, vumbi nyeupe unayoiona juu ya mifuko. Vumbi ile ikiingia mu mapafu ya mutu kila siku inaweza kumuletea kikohozi, homa, na pumzi fupi. Ni ugonjwa unaojulikana kwa wafanyakazi wa bowa. Mutu ambaye mapafu yake yamekwisha kuliwa na vumbi ya mawe asifanye kazi ya kuvuna mu nyumba iliyofungwa. Afanye mizani, afanye kukata nyasi inje, afanye soko. Wengine wavune mapema, kingo zikiwa bado zimekunjwa chini, wavae maski, wafungue mulango mbele ya kuingia. Mu kikundi chetu kuna bwana mumoja aliyekasirika tulipomukataza. Alisema: «Nimekula vumbi ya mugodi, bowa itanifanya nini?» Bibi yake akamujibu mbele ya watu wote: «Ile njo sababu.»

Na mayi yenyewe inatoka wapi? Bowa inavuta vyuma vilivyo mu chakula na mu mayi yake, na inaviweka mu mwili wake. Hapa kwetu si hadithi. Mu mwaka wa 2009, watafiti, na wale wa Université ya Lubumbashi ndani yao, walitangaza vipimo vya mikojo ya watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga: kobalti ilikuwa juu sana, na batoto walikuwa nayo kupita watu wakubwa. Kwa hiyo usitumie mayi ya mufereji unaotoka ku kiwanda, hata ikionekana safi sawa kioo. Usikate nyasi kando ya barabara ya makamyo ya madini wala chini ya moshi. Na lile pipa la buluu mutu anakuletea bei nzuri, muulize lilibeba nini. Pipa lililobeba dawa za kiwanda halioshwi likawa la chakula. Tulikataa matatu, moja lingali na karatasi ya alama ya kifo ku tumbo.

Soko nalo lina uongo wake wa mayi. Kuna wauzaji wanaomwangia bowa saa moja mbele ya kuivuna, ili kilo iongezeke. Inaongezeka, ni kweli. Jioni imegeuka kamasi mu kikapu na mama aliyenunua hatarudi. Bamama wetu wanaacha kumwangia toka usiku, wanavuna asubuhi. Ile isiyouzwa wanaikausha: kilo 10 mbichi zinatoa karibu kilo 1 kavu. Mutu anayeona bei ya kavu akalia, mumuonyeshe hesabu ile.

Na hapa inaingia depo.

Kijana mumoja, mutoto wa mama wa kikundi chetu, anachimba na mikono yake. Jumapili moja alitukuta tukifanya jaribio la gramu 100. Alisimama, akaangalia mpaka mwisho, kiisha akauliza: «Ile njo humidite?» Tukasema njo hiyo. Akasema ku depo anakatwa 20 kwa 100 kila mufuko, kiangazi na mvula, na mutu wa mizani anatia mukono tu mu mufuko na kutamka. Hajaona sufuria hata siku moja.

Muzee alimufundisha, lakini kwa masharti. Sufuria ya chakula isiguse madini hata dakika moja: kopo lake mwenyewe, mbabula inje, mbali na batoto, upepo ukimupiga mugongoni. Madini ya kobalti ya kwetu mengine iko na uraniumu ndani yake, na hapa Likasi, jirani ya Shinkolobwe, hakuna mutu wa kuambiwa mara mbili. Moto uwe mudogo, juu jiwe likichomwa sana linapoteza mayi ambayo si ya mvula, ni mayi ya jiwe lenyewe, na hesabu inaharibika. Na uchukue kidogo juu, kidogo katikati, kidogo chini ya mufuko, si mahali pamoja.

Alipata 9. Mu mufuko wa kilo 50, ukikata 20 unalipwa kilo 40. Ukikata 9 unalipwa kilo 45 na nusu. Kilo 5 na nusu kila mufuko, na yeye anapeleka mingi kwa mwezi. Akarudi ku depo na karatasi. Negosiani alicheka kwanza. Kiisha wachimbaji wengine sita wakaomba na wao wapimiwe mbele ya macho, na kicheko kikaisha. Siku ile walikubaliana 12. Si haki yote, lakini neno la mutu wa mizani lilikuwa limekutana na kipimo.

Sasa watu wanakuja kuomba mizani ya bamama, na bamama wamekataa, juu ni mizani ya chakula. Ninawapa haki. Kwa hiyo pendekezo liko mbele ya sendika, kununua mizani moja ya gramu na makopo kumi, vikae kwa mutu mumoja aliyefundishwa, na muzee amekubali kufundisha. Mukutano wa kuamua ni Jumamosi, kisha posti ya asubuhi. Nyasi ya kiangazi nayo ikatwe sasa na iwekwe chini ya bati mbele mvula haijarudi.